Martin Rodbell (1925–1998): Mtafiti wa Seli ya Mafuta Aliyeazima Msamiati wa Redio

Utangulizi

Kurasa hizi za jarida letu zimezoea makala za ngeli, ushairi na maendeleo ya Kiswahili katika ukanda wetu. Makala haya yanatoka nje kidogo ya uwanja huo. Yanahusu maisha ya kitaaluma ya mwanabayokemia wa Marekani, Martin Rodbell, aliyetumia miaka mingi kuchunguza namna insulini na homoni nyingine zinavyofanya kazi katika seli ya mafuta. Naomba usifunue ukurasa mwingine kwanza. Mtu huyu nusura awe mtu wa fasihi, na ugunduzi uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1994 ulisaidiwa sana na msamiati alioazima kutoka fani nyingine. Kwa hiyo habari zake zinatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa lugha.

Nitaeleza pia kilichonifanya nimtafute. Mama yangu mdogo anaishi Busia, upande wa Uganda, ambako kwa miaka mingi amekuwa akiuza vitenge mpakani. Ana ugonjwa wa kisukari. Hujidunga insulini kila siku, na chupa zake huzifunga katika mfuko wa plastiki na kuziweka ndani ya chungu chenye maji, kwa kuwa umeme wa kwake si wa kutegemea. Likizo moja nilipomtembelea aliniuliza, "Mwalimu, hii dawa ikishaingia mwilini inafanya nini?" Nikajibu haraka kwamba inashusha sukari katika damu. Akaniuliza tena, "Ikiishusha, inaipeleka wapi?"

Nilinyamaza. Nina shahada ya uzamili ya Kiswahili niliyoipata Dar es Salaam, na kila muhula nafundisha somo la istilahi, lakini sikuwa na sentensi moja ya kumjibu mama huyu. Maneno nilikuwa nayo: homoni, kongosho, seli, kimeng'enya. Nilichokosa ni kujua kila neno linasimama wapi katika kisa chenyewe. Niliporudi chuoni nilianza kusoma, na katika kusoma nikakutana na Rodbell.

Swali kabla ya Rodbell

Mwaka 1869 mwanafunzi wa udaktari huko Ujerumani, Paul Langerhans, alieleza vikundi vidogo vya seli vilivyotawanyika ndani ya kongosho kama visiwa ndani ya bahari. Jina la insulini lilitoka huko: kwa Kilatini, insula ni kisiwa. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, wakifanya kazi katika maabara ya John Macleod mjini Toronto, Kanada, walifaulu kuipata dawa hiyo kutoka kwenye kongosho la mbwa, na James Collip akasaidia kuisafisha. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa nayo. Banting na Macleod walitunukiwa Nobel mwaka 1923.

Hata hivyo, kujua kwamba dawa inafanya kazi ni jambo moja, na kujua inavyofanya kazi ni jambo jingine. Kwa zaidi ya miaka 25 wataalamu walibishana: je, insulini inaingia ndani ya seli na kuharakisha uchomaji wa sukari, au inabaki nje? Karibu na mwaka 1950 Rachmiel Levine na wenzake huko Chicago walionyesha kwamba kazi yake kubwa ni kuirahisishia sukari kuvuka utando wa seli na kuingia ndani. Kwa maneno mengine, mwenye kisukari asiyepata insulini ana sukari tele katika damu, lakini seli zake zina njaa. Ni sawa na soko lililojaa mahindi huku nyumba za jirani zimefungwa milango.

Sasa ni nyumba zipi hizo? Misuli ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya sukari hiyo. Lakini ipo tishu nyingine iliyodharauliwa kwa muda mrefu, nayo ni mafuta ya mwili. Mafuta yalionekana kama ghala tu: unaweka, unatoa, basi. Mwaka 1935 Rudolf Schoenheimer na David Rittenberg, wakitumia hidrojeni nzito kama alama, walionyesha kwamba mafuta ya mwilini hubadilishwa kila wakati, hata kwa mnyama ambaye uzito wake hauongezeki wala haupungui. Mwaka 1948 Ernst Wertheimer na Ben Shapiro wa Jerusalem waliandika makala ndefu wakisisitiza kwamba tishu ya mafuta ina kazi zake na inaongozwa na homoni. Ghala lilianza kuonekana kama karakana.

Tatizo lilikuwa namna ya kuichunguza. Kipande cha mafuta ya mnyama kina mishipa ya damu, nyuzi za kushikilia na seli za aina nyingi. Ukikidondoshea insulini na kuona mabadiliko, huwezi kusema kwa uhakika ni nani aliyejibu.

Kijana wa Baltimore

Martin Rodbell alizaliwa tarehe 1 Desemba 1925 katika mji wa Baltimore, Marekani, ambako baba yake alikuwa na duka la vyakula. Shule ya sekondari aliyosoma ilitilia mkazo lugha, na lugha zilimvutia. Mwaka 1943 aliingia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins katika mji huohuo, lakini vita vikamkatiza. Alijiunga na jeshi la majini na kufanywa mwendeshaji wa redio katika eneo la Pasifiki. Msomaji aliweke jambo hili akilini: kijana huyu kazi yake ilikuwa kupokea na kupeleka ujumbe, kuutenganisha na makelele, na kuhakikisha umefika kama ulivyotumwa.

Aliporudi chuoni baada ya vita alivutwa na pande mbili. Alipenda fasihi ya Kifaransa, hasa ya waandishi wa udhanaishi, na wakati huohuo alipenda biolojia. Mwalimu wake, Bentley Glass, ndiye aliyemvuta upande wa biolojia. Alihitimu mwaka 1949. Mwaka uliofuata alimwoa Barbara Ledermann, aliyenusurika mauaji ya Wayahudi huko Uholanzi. Wazazi na mdogo wake waliuawa Auschwitz mwaka 1943. Kisha Rodbell akaenda Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kusomea shahada ya uzamivu ya bayokemia, aliyoipata mwaka 1954.

Katika tasnifu hiyo limo kosa ambalo halina budi kutajwa. Rodbell alichunguza namna seli zinavyotengeneza lesithini, aina ya mafuta ya utando. Katika majaribio yake alitumia kemikali iitwayo ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nishati katika seli, akaamini kwamba ndiyo iliyofanya kazi. Baadaye Eugene Kennedy alionyesha kwamba ATP iliyouzwa madukani ilikuwa imechanganyika na kiasi kidogo cha kemikali jamaa yake, CTP, na kwamba huyo mgeni asiyealikwa ndiye aliyekuwa mtendaji. Kijana akaonekana ametoa hitimisho lisilo sahihi. Hakuisahau aibu hiyo, na kama tutakavyoona, ilikuja kumlipa.

Kuiweka huru seli ya mafuta

Mwaka 1956 Rodbell aliajiriwa katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, huko Bethesda karibu na Washington, katika maabara ya Christian Anfinsen. Alianza na utafiti wa mafuta yanavyosafirishwa katika damu. Mwaka 1960 alipata nafasi ya kwenda Ulaya, Brussels na kisha Leiden, ambako alijifunza mbinu za kushughulika na seli zilizo hai. Aliporudi alijiuliza: kwa nini nisizitenge seli za mafuta, zikae peke yake, kisha niziulize maswali?

Mbinu aliyoitangaza mwaka 1964 ni rahisi kueleza. Alichukua mafuta ya panya, akayakatakata, akayaweka katika maji yenye chumvi na protini pamoja na kimeng'enya kinachoitwa kolajenasi, ambacho humeng'enya nyuzi zinazozishikilia seli. Akayatikisa polepole katika joto la mwili. Nyuzi zilipokwisha kulainika, aliviweka vichupa katika mashine ya kuvizungusha kwa kasi ndogo. Seli za damu na za mishipa zikazama chini. Seli za mafuta, kwa kuwa zimejaa mafuta, zikaelea juu kama malai juu ya maziwa. Akazichota.

Zilikuwa dhaifu, rahisi kupasuka, lakini zilikuwa hai na zilijibu. Alipozipa kiasi kidogo sana cha insulini, zilichukua glukosi kwa wingi zaidi na kuigeuza kuwa mafuta. Alipozipa adrenalini, zilivunja mafuta yao na kuyatoa nje ili mwili uyatumie. Sasa hapakuwa tena na shaka juu ya nani aliyejibu.

Hapa ndipo nilipopata nusu ya jibu la mama mdogo. Insulini huipeleka sukari ndani ya misuli na ndani ya seli za mafuta, iliwe sasa au iwekwe akiba. Tena haiishii hapo. Huizuia seli ya mafuta isitapanye akiba yake. Ndiyo maana mgonjwa aliyekosa kabisa insulini hukonda haraka: mafuta yake yanavunjwa bila breki, ini linayageuza kuwa kemikali zenye asidi, na damu inachachuka hadi kuhatarisha maisha. Mama mdogo aliwahi kuacha dawa siku kadhaa akidhani amepona, akalazwa. Laiti angeelezwa mapema kwamba dawa hiyo pia ni breki, huenda asingeiacha.

Mbinu ya Rodbell ilienea maabara nyingi. Yeye mwenyewe aliendelea kuuliza insulini inagusa wapi. Alizipa seli zake kimeng'enya kinachochokonoa utando wa nje, akaona zinatenda kana kwamba zimepewa insulini. Basi mambo yanaanzia utandoni. Ili kuuchunguza utando, aliziacha seli zimwage mafuta na vilivyomo ndani, zikabaki ngozi tupu. Kwa Kiingereza watafiti waliziita kwa neno lenye maana ya mizimu. Mwanafunzi wangu mmoja alipendekeza tuziite maganda, na nadhani alimshinda Mwingereza, maana mzimu hauna mwili na ganda ni mwili usio na kiini.

Funguo nyingi, mtambo mmoja

Wakati huo, Mmarekani mwingine, Earl Sutherland, alikuwa amekwisha kugundua jambo kubwa. Homoni kama adrenalini haiingii ndani ya seli. Inaishia nje, kisha ndani hutengenezwa kemikali nyingine, AMP ya mviringo, inayoupeleka ujumbe mbele. Sutherland aliiita mjumbe wa pili, na mwaka 1971 alitunukiwa Nobel. Mjumbe huyo hutengenezwa na kimeng'enya kilichomo utandoni.

Rodbell, pamoja na Lutz Birnbaumer, alizijaribu homoni mbalimbali juu ya maganda yake ya seli za mafuta: adrenalini, glukagoni, sekretini na nyinginezo. Kila moja iliamsha kimeng'enya hicho. Swali likawa: je, kila homoni ina kimeng'enya chake? Kama ndivyo, ukizitia mbili kwa pamoja, kila moja kwa kiwango chake cha juu kabisa, jumla ya matokeo ingepaswa kuongezeka. Haikuongezeka. Lakini kizuizi cha homoni moja hakikuizuia nyingine. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1969, yalikuwa na maana moja: milango ya kupokelea ni mingi, ila mtambo wa ndani ni mmoja. Je, milango mingi inaunganishwaje na mtambo mmoja?

Msamiati wa redio

Ndipo lugha ilipoingia. Katika mazungumzo na mwanasayansi mwenzake, Oscar Hechter, na kutokana na fikra za sayansi ya mawasiliano zilizokuwa zikienea baada ya vita, Rodbell aliacha kuiona seli kama mfuko wa kemikali. Akaiona kama chombo cha mawasiliano. Katika chombo kama redio mna sehemu tatu. Ya kwanza huchagua wimbi moja kati ya mengi na kuyaacha mengine. Ya mwisho huupaza ujumbe huo hadi usikike chumba kizima. Katikati kuna kitu kinachougeuza ujumbe kutoka umbo moja hadi jingine.

Akaugawa utando wa seli vivyo hivyo. Kipokezi cha homoni ndicho mchaguzi. Kimeng'enya cha Sutherland ndicho kipaza, kwa sababu homoni chache tu zinazaa wajumbe wengi. Kisha akasema: lazima pawe na wa tatu katikati, kigeuzi, anayeupokea ujumbe kwa mmoja na kuupeleka kwa mwingine. Wakati anamtaja, hakuna aliyewahi kumwona. Jina lilitangulia mwenye jina.

Naomba tusimame hapa kidogo kama wanaisimu. Rodbell hakulipa jina umbo wala rangi. Aliipa jina kazi, kisha akaitafuta protini inayoifanya. Kiswahili kina zana tayari ya kufanya hivyo. Tunachukua kitenzi, tunakivika ki- mwanzoni na kukirekebisha mwishoni: pokea ikatupa kipokezi, geuza ikatupa kigeuzi, paza ikatupa kipaza, chochea ikatupa kichocheo. Wanafunzi wetu hulalamika kwamba istilahi za sayansi kwa Kiswahili ni za kubuni ofisini. Baadhi ndivyo zilivyo. Lakini utaratibu huu wa kukiita kitu kwa kazi yake uko katika midomo ya fundi baiskeli na mpishi, na ndio uleule uliomsaidia mtu wa Nobel.

Mgeni asiyealikwa

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Rodbell na kundi lake walihamia kwenye ini la panya na homoni ya glukagoni, ambayo kazi yake ni kinyume cha insulini: hulichochea ini litoe sukari. Waliibandika glukagoni alama ya mnururisho ili waone inavyokishika kipokezi na kukiachia. Ilikishika vizuri, lakini haikutaka kuachia. Walipoongeza ATP, ikaachia. Ajabu ni kwamba ATP nyingi ilihitajika.

Hapo Rodbell aliikumbuka tasnifu yake. Aliwahi kudanganywa na ATP chafu. Je, kama safari hii pia mtendaji ni mgeni aliyejificha ndani yake? Walijaribu kemikali jamaa moja baada ya nyingine. GTP ilifanya kazi ileile kwa kiasi kidogo mno ikilinganishwa na ATP. Halafu wakaona kwamba bila GTP glukagoni haikiamshi kimeng'enya inavyopaswa. Katika makala zilizochapishwa mwaka 1971 walieleza kwamba GTP ni ya lazima katika kupitisha ujumbe. Kigeuzi sasa kilikuwa na dalili: popote alipo, anatumia GTP.

Kumpata mwenyewe kulichukua miaka mingine. Alfred Gilman na wenzake, wakati huo katika Chuo Kikuu cha Virginia, walitumia seli zenye kasoro ya kurithi. Zilikuwa na kipokezi na zilikuwa na kimeng'enya, lakini ujumbe haukupita. Walipozitilia protini kutoka seli nzima, ujumbe ukapita. Kufikia mwaka 1980 waliisafisha protini hiyo. Kwa kuwa hushika GTP, familia yake huitwa protini G. Hufanya kazi kama swichi: ikishika GTP imewaka, ikiikata GTP imezimika.

Ukitaka kuona umuhimu wa kuzimika, tazama ugonjwa tunaoufahamu sana katika ukanda wetu, kipindupindu. Sumu ya bakteria wake huiharibu protini G ya seli za utumbo ili isiweze kuzimika. Ujumbe unaendelea kupita bila kukoma, na seli zinamwaga chumvi na maji hadi mgonjwa anakauka. Ni redio iliyovunjwa kitufe cha kuzimia.

Swali alilowaachia wengine

Kuna jambo ambalo wasifu mwingi wa washindi hulipitia haraka. Rodbell alianza na insulini, lakini kigeuzi alichokigundua si njia kuu ya insulini. Ni njia ya adrenalini na glukagoni, mahasimu wake. Jibu la insulini lilipatikana kwa watu wengine. Mwaka 1982 Masato Kasuga, Ronald Kahn na wenzao walionyesha kwamba kipokezi cha insulini chenyewe ni kimeng'enya. Insulini ikikishika kwa nje, ncha yake ya ndani huamka na kuanza kuzitia alama protini za jirani, na ujumbe ukaenda hivyo.

Na milango ya sukari je? Mwaka 1980 makundi mawili, la Samuel Cushman na Lawrence Wardzala huko Bethesda, na la Tetsuro Kono huko Tennessee, yaligundua jambo ambalo huenda halikutarajiwa. Milango ya sukari inakuwa imehifadhiwa ndani ya seli. Ujumbe wa insulini ukifika, seli huisogeza milango hiyo hadi utandoni, na sukari ikaingia. Walilionaje? Kwa kutumia seli za mafuta za panya zilizotengwa, zile zinazoelea juu. Rodbell hakulijibu swali lake la kwanza, lakini chombo cha kulijibia alikuwa amekitengeneza yeye.

Mwaka 1985 alihamia North Carolina kuwa mkurugenzi wa kisayansi wa Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Afya ya Mazingira. Mwaka 1994 alistaafu mapema, fedha za kuendesha utafiti wake zilipokosekana. Oktoba mwaka uleule ikatangazwa kwamba yeye na Gilman wametunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba kwa kugundua protini G. Alitumia nafasi hiyo kuwakumbusha wenye mamlaka kwamba utafiti usioahidi faida ya kesho asubuhi nao unahitaji kulishwa. Leo sehemu kubwa ya dawa zinazotumika hospitalini hufanya kazi kupitia vipokezi vinavyotegemea protini hizo.

Desemba 1994, mwezi aliopokea tuzo yake, kundi la Jeffrey Friedman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, lilitangaza jeni ya homoni inayotengenezwa na seli za mafuta zenyewe na kuupelekea ubongo habari za akiba iliyopo. Waliiita leptini, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Kumbe ghala lililodharauliwa lilikuwa linasikia na linasema pia. Rodbell alifariki tarehe 7 Desemba 1998 huko Chapel Hill, North Carolina.

Darasani na nyumbani

Muhula uliofuata niliwapa wanafunzi wa istilahi zoezi: andikeni aya moja kwa mgonjwa wa kisukari, mkimweleza insulini inafanya nini. Karibu wote waliandika kwamba insulini ni ufunguo unaofungua mlango wa seli. Ni sitiari inayotumika sana kliniki, na si mbaya. Lakini tulipoilinganisha na matokeo ya mwaka 1980, tuliona kasoro yake. Ufunguo hufungua mlango uliopo. Insulini hubisha hodi, na waliomo ndani ndio wanaoleta mlango. Tofauti hiyo ina maana kwa mgonjwa. Wenye kisukari wengi, hasa wa aina ya pili, wana insulini mwilini, ila hodi yao haisikiki vizuri ndani. Ukimwambia mtu huyo kwamba tatizo ni ufunguo tu, hataelewa kwa nini anaambiwa atembee, apunguze uzito na abadili chakula. Ukimwambia kwamba seli zimekuwa nzito wa kusikia, na kwamba mazoezi huzisaidia kusikia, anaelewa.

Walimu wenzangu, tunazo kamusi. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kazi hizo ni hazina, lakini kamusi hukupa neno bila kisa chake. Kisa ni jukumu letu. Napendekeza kila mwanafunzi wa somo la istilahi atakiwe, pamoja na orodha ya maneno, kueleza kwa mdomo jambo moja la kisayansi mbele ya mtu asiyesoma sayansi, na mtu huyo ndiye atoe alama.

Mimi nilikwisha kufanya mtihani huo. Nilirudi Busia, nikamweleza mama mdogo kwamba dawa yake ni mjumbe anayebisha hodi. Kwamba wa ndani wakisikia, huleta milango, sukari ikaingia katika misuli na mafuta. Na kwamba mjumbe huyohuyo ndiye anayelizuia ghala lisimwagwe ovyo. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Sasa mbona hawakuniambia hivyo siku ile ya kwanza?" Akanipa alama saba kwa kumi. Tatu alizikata kwa sababu nilichelewa.